Mama Ameshakubali

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na dari la ofisi halikuchelewa kuitikia. Kamusi ameweka ndoo kati ya meza yake na yangu, maji yanadondoka humo kutwa nzima, nasi tunajitia hamnazo. Kamusi ni mwenzangu katika mradi. Tunamwita hivyo kwa sababu ukimuuliza swali dogo tu anakupa jibu pamoja na kifungu cha kanuni.

Nimeamua kuandika shajara msimu huu wote wa mvua, maana ukiisha nami nitakuwa nimemaliza kukusanya data, nikaandike tasnifu, nivae joho, nipumzike. Daktari, mkuu wa mradi na msimamizi wangu, anataka kujua vijana wa sekondari wanazungumzaje mtandaoni mambo wanayoyaonea aibu. Tumefungua kundi la faragha kwenye simu. Kila kijana anaingia kwa jina la bandia alilojichagulia, mimi naweka swali kila wiki, wao wanajibu. Ila kabla kijana hajaingia lazima mzazi wake aridhie, na yeye mwenyewe aridhie pia. Hapo ndipo ninapong'ara. Mimi ndiye ninayepiga simu.

Sijisifu bure, jamani. Naanza na shikamoo iliyonyooka, nauliza hali ya nyumbani, nauliza mvua huko ikoje, nasikitika na mgongo wa mama kabla sijataja utafiti. Nikifika kwenye utafiti mama ameshaniona mwanawe. Nani atamkatalia mwanawe? Leo nimepata ndiyo kila nilipopiga. Kamusi ameniita Mama Ndiyo, na Daktari amecheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Machi 6, Alhamisi

Mvua. Ndiyo nyingine, na nyingine. Sauti imenikauka.

Machi 10, Jumatatu

Leo nimekutana na mgumu. Baba mmoja, fundi wa majokofu, alisema hapana kabla sijamaliza salamu. Watoto wa siku hizi simu zimeshawaharibu, nami namtaka amwingize wake kwenye kundi jingine tena? Sikubishana naye. Nilimwambia ana haki kabisa, baba mwenye uchungu na mwanawe ndivyo anavyopaswa kuwa, na ni wazazi kama yeye ambao utafiti unawahitaji. Nikamwachia nafasi anieleze majokofu. Mwisho akasema, haya binti yangu, kwa kuwa ni wewe.

Kamusi alikuwa anasikiliza. Nilipokata simu akaniuliza kijana nitamuuliza lini. Nikamwambia nimeshamuuliza, si alinisikia? Mpango uliopitishwa na kamati ya maadili unataka mzazi aulizwe kwanza, halafu siku nyingine kijana aulizwe akiwa peke yake, aambiwe kwamba anaweza kukataa hata kama mzazi amekubali, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Mimi nimeunganisha safari. Mzazi akishasema ndiyo namwambia anipe huyo kijana tumalize. Kijana anashika simu, mzazi kasimama pembeni, namwambia mama ameshakubali, au baba ameshakubali, nawe je? Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekataa.

Kamusi akasema hicho ndicho kinachomtia wasiwasi. Nikamwambia wivu haujengi. Akarudi kwenye kompyuta yake, akasogeza na ndoo kidogo upande wangu.

Machi 14, Ijumaa

Familia moja imehama na binti yao amejitoa. Daktari anataka kundi litimie kabla ya Jumatatu. Hataki kusikia habari za nusunusu. Nimepiga simu mpaka betri imekwisha, hakuna anayepokea. Watu wamejifungia ndani na mvua.

Najua ni nani atakayeniambia ndiyo kabla sijauliza.

Machi 16, Jumapili

Nimetoka kwa dada.

Kanuni inasema tusichukue ndugu. Naijua, Kamusi alinisomea mara mbili. Lakini kwenye daftari la mradi mshiriki ni namba, na namba haina ukoo.

Nilimkuta dada anapiga pasi sare ya binti yake kwenye meza ya kulia. Dada ni mfanya usafi katika shule anayosoma huyo huyo binti. Anapiga deki korido, anafagia uwanja, anasafisha vyoo vya wasichana. Kabla ya hapo alifanya kazi kama hiyo kwingine miaka yote niliyokuwa shuleni, maana ndiye aliyenilea. Mama alipotutoka mimi nilikuwa bado nafungwa kamba za viatu, na aliyekuwa akinifunga ni yeye.

Nilimweleza utafiti. Hakuuliza hata swali moja. Alisema, "Si kazi yako hiyo? Basi mchukue." Akaendelea na ukosi wa shati.

Nikamwita binti. Alikuwa jikoni akiosha vyombo, akaja huku anafuta mikono kwenye gauni. Nikamweleza kwa kifupi, nikamwambia mama ameshakubali. Alimtazama mama yake. Dada alikuwa anatazama pasi. Halafu akanitazama mimi.

"Ukitaka, mama mdogo," alisema.

Nimeandika: amekubali. Amechagua jina la Sipo. Nimecheka sana, kwamba sasa nitakuwa naandika kwenye ripoti "Sipo yupo". Yeye hakucheka, alirudi kwenye vyombo vyake.

Machi 20, Alhamisi

Kundi limetimia. Daktari ameleta maandazi. Sipo ameingia, kimya.

Machi 27, Alhamisi

Swali la wiki hii lilikuwa kitu gani nyumbani kwenu hutaki wenzako wakijue. Vijana wamefunguka ajabu. Mmoja baba yake anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Mmoja bado analala kitanda kimoja na bibi. Wanataniana, wanapeana moyo, hakuna anayejua nani ni nani isipokuwa mimi. Nakaa mbele ya kioo cha simu nasoma kama mtu anayesikiliza mlangoni, ila mimi nimeruhusiwa.

Sipo ameandika neno moja tu: "Vingi." Nimemwandikia pembeni nikamwambia asiogope, ajisikie nyumbani. Nimeweka na kialama cha moyo. Nilijua anajua ni mimi.

Aprili 3, Alhamisi

Sipo ameandika. Nanakili hapa kama alivyoandika.

"Mama yangu anafanya usafi kwenye shule ninayosoma. Asubuhi tunatoka pamoja nyumbani. Tukikaribia geti mimi natangulia, naye anapunguza mwendo, hatujawahi kuambiana. Siku moja wenzangu waliniuliza kama yule mama namjua kwa sababu aliniita jina langu la nyumbani. Nikasema ni jirani yetu. Nilipogeuka alikuwa nyuma yetu na ndoo. Sijui kama alisikia. Jioni alinipikia kama kawaida, alinichekea kama kawaida. Kila siku namwangalia usoni nijue kama alisikia na nashindwa. Naomba Mungu awe hakusikia. Kama hakusikia basi nitaacha."

Wenzake wamemjibu vizuri, watoto hawa wana roho. Mmoja amemwambia kama angesikia angekuwa ameshamchapa. Sipo ameandika kwamba mama yake si wa kuchapa.

Nimeisoma nikalia, halafu nikafanya jambo ambalo hata sasa mkono unasita kuliandika. Nilifurahi. Machozi hayajakauka, tayari nilikuwa nafikiria ukurasa gani wa tasnifu utaanza na maneno hayo.

Aprili 4, Ijumaa

Nimemsomea Daktari. Alivua miwani, akasema katika miaka yake yote ya utafiti hajapata kitu kama hiki. Alisema nina mkono wa kuwafanya watu wafunguke. Nimetembea kwenye mvua bila mwavuli, kichwa juu.

Kamusi aliniuliza huyo Sipo ni mtoto wa nani. Nikamwambia siri ya washiriki, au amesahau kanuni?

Aprili 8, Jumanne

Mvua. Paa la ofisi sasa linavuja sehemu mbili.

Aprili 12, Jumamosi

Binti wa dada amenipigia. Hanipigiagi, kwa kawaida hunitumia ujumbe wa sauti akitaka nimsaidie kazi za shule. Alisema kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa nje, kwamba anaomba ule ujumbe wake niufute na yeye nimtoe kwenye kundi. Kwenye kundi letu mshiriki hawezi kufuta mwenyewe. Ni mimi tu ninayeweza.

Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Badala yake nilianza kuimba ule wimbo wangu wa kubembeleza. Nikamwambia hakuna anayemjua, nikamwambia maneno yake yatawasaidia wasichana wengi walio kama yeye, nikamwambia Daktari mwenyewe ameyasifu. Nikamwambia mama yake angejivunia kuona mwanawe amesaidia kazi ya mama mdogo. Ndiyo, nilimtaja hadi mama yake. Akasema, "Sawa, mama mdogo."

Nikamuuliza kama ana bando la kutosha. Akasema analo.

Aprili 15, Jumanne

Ripoti ya awali imekwenda kwa Daktari. Nilijaribu kumficha Sipo kidogo. Nilibadilisha mfanya usafi nikaweka mpishi, nikatoa ndoo. Daktari ameirudisha. Ameandika pembeni kwamba data haipambwi, na kwamba ndoo ndiyo inayochoma moyo. Amesema kama nilikuwa na wasiwasi wowote juu ya mshiriki huyu nimwambie sasa.

Nimejibu kwamba sina wasiwasi wowote. Nimeirudisha ndoo.

Aprili 22, Jumanne

Daktari ameamua tuite wazazi na vijana wote Jumamosi ukumbini, tuwasomee tulichopata na kuwashukuru kabla hatujachapisha. Ni jambo la heshima, anasema, watu wasichukuliwe habari zao halafu watelekezwe. Ana haki. Nimeiangalia orodha ya wageni, na dada yumo.

Aprili 24, Alhamisi

Nilimpigia dada kumwambia mvua itakuwa kubwa Jumamosi, njia itakuwa tope, asijisumbue. Akacheka. Alisema amekuja kwenye mahafali yangu yote, hata yale ya chekechea niliyojikojolea jukwaani, atashindwa na tope? Ameomba ruhusa kazini. Ametoa gauni lake la samawati.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilikuwa na simu mkononi na yeye yuko upande wa pili. Nikamwambia basi sawa, aje na mwavuli.

Aprili 26, Jumamosi

Naandika yote, nisije nikaanza kujidanganya kesho.

Ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa na watoto wao, viatu vimejaa matope, miavuli inachuruzika ukutani. Dada alikaa mstari wa mbele na binti yake. Gauni la samawati lilikuwa limelowa pindoni. Aliponiona alinipungia mkono kidogo tu, usawa wa kiuno, kama mtu anayejizuia asiniaibishe kazini. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

Kabla ya kuanza Daktari alipita akiwasalimia watu mmoja mmoja, mimi nyuma yake. Alipofika kwa dada alimpa mkono, akanigeukia akaniuliza kama huyu tunafahamiana. Tunafanana mno mimi na dada, mtu asiyeona hilo labda miwani haimsaidii. Nilihisi Kamusi ananitazama kutoka mlangoni. Nikafikiria namba kwenye daftari, nikafikiria kanuni, nikafikiria joho.

Nikasema, "Ni mmoja wa wazazi."

Dada alikuwa bado ameshika mkono wa Daktari. Alinitazama, halafu akatabasamu vizuri kabisa, akamwambia Daktari anashukuru kufika. Aliniona nimeokoa ngozi yangu naye akanisaidia kuiokoa, hakuna mtu pale aliyejua kitu. Binti aliinua uso akanitazama. Nilielewa amesikia. Uso uliniiva, nikajifanya natafuta waya wa projekta.

Nilijiambia nitaliruka lile la Sipo. Lakini Daktari alikuwa ameliweka la mwisho, maandishi makubwa ukutani, akanipa kipaza sauti, akawaambia watu kwamba atakayesoma ndiye aliyefanya kazi yote na ana sauti inayofaa.

Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kuzima. Nilisoma, tena vizuri. Nilishusha sauti palipotakiwa kushushwa, nikapumzika kidogo baada ya "ni jirani yetu", maana hivyo ndivyo ninavyosoma, siwezi kusoma vibaya hata nikitaka. Wazazi waliguna. Mama mmoja nyuma alisema masikini, masikini. Nilipofika kwenye "sijui kama alisikia" nilimtazama dada, sikuweza kujizuia.

Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba. Uso wake haukuwa na kitu. Naufahamu uso huo, ndio aliokuwa nao nilipokuwa mdogo, nikiuliza kama yeye ameshakula. Nadhani angeweza kukaa nao hivyo mpaka mwisho. Lakini binti aligeuka akamtazama kwa karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo, na hapo uso wa dada ukamponyoka. Mdomo ulimtetemeka mara moja. Akaushika haraka kwa mkono, akajifanya anakohoa.

Mara moja tu. Ilitosha. Binti aliona.

Watu walipiga makofi. Dada naye alipiga. Kisha wakasimama wakatoka, yeye na binti yake, kila mmoja akiwa na mwavuli wake.

Aprili 27, Jumapili

Sikutoka. Sikula.

Aprili 30, Jumatano

Nilikwenda shuleni kwao, wakati wanafunzi wako madarasani. Nilimkuta dada kwenye korido ndefu ya ghorofa ya chini, anakokota maji ya mvua kuyatoa nje. Hakushangaa kuniona. Aliniambia nipite pembeni nisichafue alipokwisha kupiga deki, nikapita pembeni.

Nilianza kuomba radhi. Nilisema mengi, sikumbuki hata nusu. Nilimwambia mtoto alikuwa na aibu tu ya utoto, asimchukie. Hapo akaacha kukokota maji.

"Nimchukie kwa nini? Nilisikia siku ile ile. Nilikuwa nyuma yake."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayenielekeza dukani, kwamba binti ana umri wa kuona aibu na aibu hiyo ingemwisha. Siku moja angekuwa mtu mzima, angejicheka mwenyewe. Yeye alichotakiwa kufanya ni kukaa na uso wake tu, kila siku, mpaka hapo. Na alikuwa anaweza.

"Alichoandika hakikuniuma," alisema. "Nilikuwa nakijua. Kinachoniuma ni kwamba sasa anajua kuwa ninajua. Tulikuwa tunaishi vizuri, mdogo wangu."

Nilimwambia yeye mwenyewe alikubali utafiti, na papo hapo nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Hakukasirika. Alisema ndiyo, alikubali kwa sababu niliyeuliza ni mimi. Angeulizwa na mtu mwingine angeuliza ni cha nini.

Kuhusu lile la "mmoja wa wazazi" hakusema kitu. Nilisubiri aseme. Alinyanyua ndoo akaenda kumwaga maji.

Mei 5, Jumatatu

Nimemwambia Daktari yote. Kwamba Sipo ni mtoto wa dada yangu, kwamba yule mama wa gauni la samawati ndiye aliyenilea, kwamba binti aliomba kufutwa nikamzungusha kwa maneno. Na jinsi nilivyokuwa nawauliza wengine wote, simu moja, mzazi kasimama pembeni. Kamusi alikuwepo. Nilidhani atasema, si nilikuambia? Aliinama akaihamisha ndoo, nayo haikuhitaji kuhamishwa.

Daktari hakupayuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema hata yeye alipaswa kuuliza kwa nini hakuna kijana aliyekataa, ila ndiyo zilikuwa tamu. Ametoa uamuzi. Ripoti imesimama, kamati inaandikiwa, maneno ya Sipo yanafutwa leo kila mahali yalipo. Vijana wengine wote waulizwe upya, mmoja mmoja, peke yao, na watakaokataa data yao ifutwe. Tasnifu yangu si ya mwaka huu.

Maneno ya Sipo niliyafuta mimi mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko wimbo niliomwimbia.

Mei 9, Ijumaa

Tunapiga simu mimi na Kamusi. Safari hii nimeondoa migongo na hali ya mvua, nauliza na kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Wengi wamekataa. Kijana wa yule fundi wa majokofu aliniambia, kwa adabu zote, "Dada, mimi nilikuwa nangoja mniulize." Amekataa naye. Nikamshukuru, nikaandika hapana.

Mei 13, Jumanne

Dada amekuja nyumbani kwangu, jambo asilolifanya siku za kazi. Hakukaa. Alisema amekuja kwa shida moja tu.

Binti amebadilika. Asubuhi hamtangulii tena, anaingia getini naye bega kwa bega. Anamsalimia mbele ya wenzake kwa sauti, shikamoo mama, kila wanapokutana kwenye korido, hata wakikutana mara nyingi. Anamnyang'anya ndoo ambebee. Walimu wanamsifu. Mwalimu mkuu amemtolea mfano mbele ya shule nzima.

Mimi, sijui nina akili gani, nikasema lakini dada, hilo si jema?

"Zamani alikuwa ananikimbia, namwona kule anacheka na wenzake," alisema. "Sasa anabeba ndoo halafu mapumziko yote anasimama peke yake. Hacheki na mtu. Nyumbani ananiomba ruhusa hata ya kunywa maji. Anatumikia kifungo, na mimi ndiye jela yake."

Akasema alijaribu kumwambia yamekwisha, binti anaitikia tu ndiyo mama. Kila kitu sasa ni ndiyo mama. Basi nikazungumze naye mimi, maana mimi ndiye niliyeanza. Nikamwambia nitakwenda Jumamosi.

Mei 17, Jumamosi

Mvua zinaisha, leo ilinyunyiza tu. Njia nzima kwenda kwa dada nilikuwa napanga maneno. Nilipanga vizuri, kama ninavyojua kupanga: nianze wapi, nimchekeshe na nini, nimwombe radhi saa ngapi, nimwambie mama yake anampenda kwa namna gani. Nilifika yakiwa yameniiva.

Binti alikuwa mezani na vitabu. Alisimama akaniamkia, akanivutia kiti. Alifanya yote hayo bila kunitazama. Dada alikuwa jikoni, mlango wazi.

Nikabaki nimesimama. Nikamwambia nilikuja kuzungumza naye juu ya yale yaliyotokea, na kwamba akitaka tutazungumza, asipotaka basi. Nikamuuliza kama anataka. Halafu nikafunga mdomo.

Dada alisema kutoka jikoni, "Mjibu mama yako mdogo."

"Dada, mwache," nikasema. "Nimemuuliza yeye."

Binti alikuwa anasugua ukingo wa meza kwa kidole. Niliona jinsi ndiyo ilivyomjia mdomoni, ile ile ya siku zote, na jinsi alivyoirudisha. Akaniinulia macho.

"Hapana," alisema. "Sitaki."

Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi, tayari kumkanya. Nikamwambia asimkanye, nimeuliza na nimejibiwa. Dada alitutazama, mimi na mwanawe, akarudi jikoni. Binti akakaa, akavuta kitabu chake, akaanza kusoma, na alikuwa anasoma kweli.

Nilivaa viatu nikatoka. Yale maneno yote ya kuomba radhi nimerudi nayo.